Gauni la Usharika na Mvuke Usiopanda

Nakumbuka Alhamisi moja ya kiangazi, huko Kisarawe, nilipokaribia kuteketeza gauni la harusi ambalo halikuwa langu, wala halikuwa la mtu mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu miezi miwili nyuma, cheti nimekifunga ndani ya kitambaa sandukuni, nasubiri barua ya kunipangia shule. Mwingereza bado alikuwa anatawala, na msichana mwenye cheti katika wilaya yetu alikuwa kama jogoo mwenye miguu mitatu: kila mtu alitaka kumwona, na kila mtu alikuwa na neno la kumwambia.

Mwanangu, nakusimulia hili kwa sababu wewe nawe umemaliza chuo, na nasikia unawaza mpaka chakula kinapoa mbele yako. Nakujua, maana nilikuwa hivyo hivyo. Nikitumwa chumvi, nilifikiria kwanza kama mbwa wa mwenye duka amefungwa, kama iliyotakiwa ni ya mawe au ya unga, kama nitaonekana mjinga nikiuliza. Nikifika dukani nilikuwa nimesahau nilichotumwa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kichwa changu ni kinu kinachotwanga hata pasipo na nafaka.

Sasa habari ya gauni. Usharika wetu ulikuwa na gauni moja la harusi. Moja tu. Lilikuwa jeupe, la hariri, refu mpaka linaburura nyuma, lenye vifungo vidogo mgongoni kama punje za mtama. Akina mama walilinunua kwa pamoja baada ya kuuza korosho za msimu mzima, wakakubaliana kwamba kila binti wa usharika atakayeolewa kanisani atalivaa, kisha atalirudisha. Aliyekuwa mnene lililegezwa pembeni, aliyekuwa mwembamba lilibanwa kwa sindano. Binti wa mwalimu wa kwaya alilivaa, na binti wa mchoma mkaa alilivaa, na ukisimama mlangoni mwa kanisa usingejua yupi ni yupi. Ndiyo maana lilipendwa.

Mtunzaji wake alikuwa Bibi Debora, mjane mwembamba aliyekaa nyumba ya jirani na ya mchungaji. Ujanani alikuwa mfuaji wa nguo katika nyumba ya bwana mmoja wa shamba la mkonge, upande wa Kibaha, na huko ndiko alikojifunza kusafisha hariri. Hariri ile hukuweza kuitia maji. Maji yaliikunja na kuiachia alama kama ramani. Na baada ya kila harusi gauni lilirudi na madoa ya samli ya pilau, mafuta ya nazi kutoka kwenye nywele za wanaomkumbatia bibi harusi, na nta ya mishumaa.

Bibi Debora alilisafisha kwa benzini. Usiichanganye na mafuta ya taa. Ile ilikuwa benzini nyeupe, ndugu wa petroli ya magari lakini haina rangi, iliuzwa Dar es Salaam kwa makopo. Ukiiangalia utadhani maji. Ukiimwaga mkononi unahisi baridi kali, kwa sababu inakauka upesi mno na inaondoka na joto la ngozi yako, kisha ngozi inabaki nyeupe na kavu kama ya mtu aliyeshinda kwenye vumbi, maana imechukua na mafuta ya mwili. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Benzini inayeyusha mafuta, samli, nta na lami. Doa la sukari hailigusi. Doa la chumvi au jasho hailigusi. Ukiitia ndani ya maji haichanganyiki nayo, inapanda na kukaa juu, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Mambo haya Bibi Debora aliyajua kwa vidole vyake, bila kitabu.

Alikuwa na utaratibu wake, nami niliuona mara mbili kabla ya siku ile. Alifua asubuhi, penye upepo. Alishuka mpaka chini kabisa ya uwanja wa mchungaji, kwenye mchanga karibu na korongo, mbali na kila nyumba. Alimwagia maji ardhi atakayosimama, akavua viatu, akalowesha mikono. Gauni hakulisugua. Alilichovya kwenye karai, akaliminya taratibu, akalichovya tena. Alisema hariri ikisuguliwa kwa haraka inakasirika na kutoa cheche. Kisha alilitundika hapo hapo chini mpaka harufu iishe yote, na pasi ya mkaa haikuligusa mpaka kesho yake.

Hakueleza kwa nini. Nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na cheti, na kuuliza kungeonyesha kwamba sijui.

Juma lile aliyekuwa anaolewa ni Salome, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akalelewa na shangazi yake Mwanahawa kule Masaki, kijiji cha Kisarawe hiyo hiyo. Shangazi huyo alikuwa Mwislamu, Salome alifuata kanisa la mama yake, na jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Harusi ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa msiba, mara ya pili kwa mvua zilizokata njia. Wakwe walitoka Kongowe ya Kibaha, na walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mwali huyu hafiki. Siku iliyopangwa safari hii ilikuwa Jumamosi. Salome alikuwa ameshalipima gauni mara tatu, na kila mara alilia kidogo, kisha akacheka kwa kulia kwake.

Alhamisi asubuhi Bibi Debora aliitwa kwenda kumwuguza dada yake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Akaniita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Leo utanifulia gauni. Umeniona ninavyofanya?"

"Nimekuona, Bibi."

"Fulia kule chini, kwenye mchanga. Si hapa juu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi mimi nakwenda. Nitarudi alasiri."

Akajifunga kanga yake, akaenda. Nami nikabaki na gauni, karai, kopo la benzini, na kichwa changu.

Mwanangu, hebu fuata nilivyowaza, maana niliwaza vizuri sana. Uwanja wa mchungaji ulikuwa kwenye mteremko. Juu kabisa palikuwa na ghala. Katikati, hatua kama kumi na mbili chini ya ghala, palikuwa na banda la jiko. Chini kabisa ndiko kwenye ule mchanga wa Bibi Debora. Siku ile jiko lilikuwa linawaka, maana Shangazi Mwanahawa na Salome walikuwa wamekuja kuandaa vitu vya harusi. Nikajiambia: benzini inatoa mvuke, na mvuke unawaka. Sawa. Mvuke huenda wapi? Nikakumbuka daftari langu la sayansi. Mvuke wa chai hupanda. Moshi hupanda. Hewa ya moto hupanda. Basi nikifulia chini, mvuke utapanda mteremko mpaka jikoni na kututeketeza. Nikifulia juu, kwenye ghala, mvuke utapanda mbinguni na kuliacha jiko salama.

Nilistaajabu kwamba Bibi Debora, kwa miaka yote hiyo, hakuliona jambo dogo namna hii. Nikamhurumia, hata nikapanga jinsi ya kumweleza akirudi bila kumvunjia heshima.

Na sikuishia hapo. Nikawaza vumbi. Upepo ukipiga, vumbi litashika kwenye gauni bichi. Nikachukua mikeka mitatu, nikaizungushia karai pande tatu, upande wa nne nikauacha wazi ili niingie. Upande huo ulitazama chini, jikoni. Kutoka kwenye ukingo wa ghala ulishuka mfereji mdogo wa maji ya mvua, ukapita mlangoni kabisa mwa lile banda la jiko. Mfereji ule ulikuwa mkavu, na mimi sikuufikiria hata kidogo. Katika mambo yote niliyoyawaza asubuhi ile, huo peke yake ndio uliostahili kuwazwa.

Nikaanza kazi. Nilifanya kila kitu kama nilivyoona: nikamwagia ardhi maji, nikavua viatu, nikachovya, nikaminya. Madoa ya samli ya harusi iliyopita yaliondoka mbele ya macho yangu. Kutoka jikoni nilimsikia Shangazi Mwanahawa.

"Salome! Mtazame mwenzio, anafulia ndani ya mikeka kama mwali aliyefichwa. Mwalimu! Hata nguo unaifundisha kusoma?"

"Naifundisha adabu, Shangazi!"

"Ifundishe na kupika, maana wewe mwenyewe hujui!"

Salome akacheka. Alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, anapulizia mkaa kwenye pasi ili anyooshe vitambaa vya meza. Mimi nilisikia mwanzo wa kile kizunguzungu kinachokuja ukivuta benzini, lakini niliposimama wima harufu ilipungua. Nikafurahi. Nikasema, unaona, inapanda na kuondoka zake.

Nikalitoa gauni, nikalitundika kwenye kamba nje ya mikeka, pindo lake likidondosha matone. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kibanio.

Moto haukuanza kwangu. Ulianza jikoni, ukaja kwangu. Nilisikia sauti kama mtu anayekung'uta shuka zito, kisha nikaona kitu cha rangi ya samawati, chepesi, karibu hakionekani kwenye jua, kinapanda ndani ya mfereji. Kilikuja mbio kuliko mbuzi aliyefunguliwa. Salome alipiga kelele. Kabla sijaelewa, karai lilishika moto, mikeka ikashika, na nyusi zangu zikaondoka zote mbili. Ule ulimi wa moto ukalamba pindo la gauni.

Na hapo, mwanangu, nilifanya kosa la pili, ambalo sikuliwaza kabisa. Palikuwa na debe la maji karibu nami. Nikalinyanyua, nikalimwaga lote ndani ya karai.

Nilikwambia benzini inaelea. Maji yalikwenda chini, benzini ikapanda juu yake ikiendelea kuwaka, karai likafurika, na moto ukateremka na maji mferejini kuelekea jikoni, kwa Salome aliyekuwa anapanda kuja kuokoa gauni lake.

"Si maji! Wee mtoto, si maji! Mchanga!"

Huyo alikuwa Shangazi Mwanahawa. Alikuwa na ungo mkononi. Akachota nao mchanga na majivu baridi yaliyolundikwa nyuma ya jiko, akayatupa mferejini, akachota tena, akatupa, anatukana na kumwomba Mungu kwa pumzi moja. Moto wa mferejini ukafa. Salome aliuruka, akafika kwenye kamba, akalivuta gauni likaanguka, akalikunja pindo linalowaka ndani ya mikono yake miwili na kulikandamiza mchangani. Hakuliachia. Nilimwona anakunja uso, na hakuliachia. Mimi nikazinduka, nikachota mchanga kwa mikono, tukalizika karai lote mpaka likaacha kuunguruma.

Shangazi akatutazama, akahesabu kwa macho: Salome mzima, Mwalimu mzima, banda zima.

"Nyusi zimekwenda wapi?" akaniuliza.

Hakuna aliyecheka.

Kiganja cha kushoto cha Salome kilikuwa kimetoka malengelenge mpaka kwenye vidole. Pindo la gauni, mbele na kwenye mkia wote ule wa kuburura, lilikuwa jeusi na limeliwa na moto kiasi cha shubiri moja. Salome aliliweka magotini, akalitazama. Heri angenipiga. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Jumamosi nitavaa nini?" Kisha akauliza la pili, ambalo ndilo lililonichoma zaidi: "Na Eliza atavaa nini?" Eliza alikuwa mdogo wangu mimi, aliyechumbiwa mwezi ule.

Saa zile za kumngoja Bibi Debora zilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa mtihani. Nilitunga maneno. Nilitunga namna kumi za kueleza. Katika namna moja upepo ndio uliokosa, katika nyingine pasi ndiyo iliyowekwa vibaya, na Salome ndiye aliyekuwa amekaa nayo, kwa hiyo kidogo... Mwanangu, angalia kichwa cha mtu mwoga kinavyofika mbali. Nilikuwa karibu kumtwisha lawama mtu aliyeungua kwa ajili yangu.

Bibi Debora alipotokea njiani nilimkimbilia, na zile namna zote kumi zikanipotea kichwani. Nikasema, "Bibi, nimefulia juu. Ulinikataza, nikafulia juu. Gauni limeungua na Salome ameungua mkono."

Aliingia, akaushika mkono wa Salome kwanza, akautazama, akamwambia Shangazi alete maji safi ya mtungini na aendelee kuumwagia taratibu. Kisha akalitazama gauni. Kisha akanitazama mimi, uso usio na nyusi.

"Kwa nini ulifulia juu?"

Nikamweleza. Chai, moshi, hewa ya moto. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama anayemsikiliza mtoto akihesabu.

"Umewaza vizuri," akasema. "Sasa niambie, ulinusa wapi?"

"Sikuelewi, Bibi."

"Harufu. Ulipoisikia, ulikuwa umesimama au umeinama?"

Nilikuwa nimeinama. Niliposimama ilipungua.

"Kuku wangu," akasema, "mwaka wa kwanza nilipofua nyumbani, walikuwa chini ya meza. Mimi nimesimama sinusi kitu, wao wakakimbia wote wanapiga chafya. Nikapiga magoti nikanusa. Ilikuwa imejaa pale chini kama maji kwenye beseni. Tangu siku hiyo najua kwamba kitu hiki kina uzito. Kinamwagika. Kinakwenda kunakoteremka, kinatafuta moto, na kikiupata kinaurudisha kwa mwenyewe. Ndiyo maana nafulia chini, mahali ambapo hakina pa kuteremkia zaidi. Wewe una cheti. Mimi nina magoti. Ungepiga magoti mara moja tu, ungeyajua yote hayo kabla jua halijawa kali."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Na mimi nimekosa. Nilikuambia wapi, sikukuambia kwa nini. Mtu wa kuwaza ukimwambia wapi bila kwa nini, atahamia kwingine. Leteni mkasi."

Nikaleta mkasi. Alilitandaza gauni juu ya mkeka safi, akaupima mkono wake kwenye pindo lililoungua, akasita. Kulikata kulimaanisha kwamba hakuna tena binti wa usharika atakayeburura mkia kanisani. Akamtazama Salome, si mimi wala Shangazi.

"Ni lako Jumamosi. Sema."

Salome alikuwa ametia mkono ndani ya bakuli la maji. Akavuta pumzi.

"Kata, Bibi. Njia ya Kongowe ina vumbi mpaka magotini. Mkia wa nini?"

"Na wakwe wakiuliza?" Shangazi akasema.

"Waambie ndiyo mtindo wa Dar es Salaam."

Shangazi Mwanahawa akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na ndipo sote tukacheka, hata mimi niliyekuwa ninalia. Bibi Debora akakata. Tulishona pindo jipya mchana wa Ijumaa, Bibi upande mmoja, mimi upande wa pili, na kila nilipochoma sindano nilimwomba Salome msamaha kimoyomoyo, mpaka akaniambia, "Omba kwa sauti mara moja, basi, tumalize." Nikaomba kwa sauti. Akasema amenisamehe, na kwamba nikiliunguza tena atanioza kwa mchoma mkaa mwenye meno mawili.

Jumamosi aliolewa. Gauni liliishia juu ya vifundo vya miguu, na viatu vyake vyeupe vilionekana, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwetu. Wakwe wa Kongowe waliuliza, wakajibiwa kuhusu mtindo, wakaridhika. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, vidole vimevimba, na pete haikuingia. Mchungaji alisita kidogo, kisha akamwelekeza bwana harusi aivalishe mkono wa kulia. Nilikuwa nimesimama karibu nao kama msimamizi wa bibi harusi. Niliiona pete ile ikienda mkono usio wake, na nilijua ni fikra zangu ndizo zilizoipeleka huko. Salome aliivaa mkono wa kulia mpaka uzee wake, hata baada ya kupona. Alisema imeshazoea.

Juma lililofuata Bibi Debora alinichukua tena chini kwenye mchanga. Alikuwa na kipande kirefu cha bati kilichokunjwa kama mfereji. Alikilaza kwa mteremko, kwenye ncha ya chini akaweka mshumaa unaowaka, kwenye ncha ya juu akaweka kitambaa chenye matone machache tu ya benzini, nasi tukarudi nyuma mbali. Tulisubiri. Hakuna aliyegusa kitu. Mara ule moto wa samawati ukapanda ndani ya bati kutoka kwenye mshumaa mpaka kwenye kitambaa. Akaumwagia mchanga. "Umeuona?" akaniuliza. Nikamwambia nimeuona. "Haya. Sasa daftari lako limekamilika."

Barua yangu ya kazi ilikuja, nikafundisha miaka mingi, na baadaye vitabu vikanipa majina ya nilichokiona. Benzini imeundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake, ndiyo maana inawaka kwa hamu namna ile. Inatoa mvuke hata siku ya baridi, haihitaji jua wala kuchemshwa. Mvuke wake una uzito mara tatu na zaidi ya hewa, unatambaa ardhini, unakaa mashimoni na katika mifereji. Kinachowaka ni mvuke huo ukishachanganyika na hewa, kwa hiyo kopo linaloonekana tupu lina hatari kuliko lililojaa pomoni. Mvuke wa chai hupanda kwa sababu ni mwepesi na una joto. Daftari langu halikuwa na uongo. Nilichukua habari ya chai nikaivalisha benzini bila kuipima kwanza.

Basi, mwanangu, sikiliza, maana hapa sina wasiwasi hata kidogo na ninachokuambia. Usiache kuwaza. Watakuambia uache, na wanaokuambia hivyo wengi wao hawajawahi kuwaza. Kichwa chako ni kizuri. Lakini kabla hujaweka fikra yako juu ya kitu cha watu, iweke kwanza juu ya kitambaa na matone mawili. Piga magoti unuse. Jambo linalopimika kwa pua, usilimalize kwa kichwa.

Na aliyekutangulia kazini akikuambia fanya hivi, nawe unaona hivi si sawa, muulize kwa nini palepale, akiwa bado amesimama mbele yako, kabla hajajifunga kanga yake na kuondoka. Huenda hana maneno mazuri. Huenda atakuambia habari ya kuku. Sikiliza habari ya kuku. Aibu ya kuuliza inapita kabla ya chakula cha mchana. Mimi nimeitazama pete kwenye mkono wa kulia wa rafiki yangu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ukikosea, na utakosea, mkimbilie mwenye mali njiani ukaseme kabla kichwa hakijakutungia wa kumsingizia. Sema neno moja lililo kweli. Utashangaa jinsi watu wengi wanavyojua kushika mkasi na kuokoa kilichobaki, mradi wameambiwa mapema kilichoungua ni kipi.

Eliza alilivaa gauni lile mwaka uliofuata, fupi hivyo hivyo, na baada yake wakalivaa wasichana wengi, na hakuna hata mmoja aliyedai mkia.

Nenda kazini kwako sasa. Mungu akupe kichwa kinachofikiri na magoti yanayokubali kuinama. Akupe mtu wa kukuambia kwa nini, akupe na ulimi wa kumwuliza. Mikono yako isiunguze cha mwenzio, na siku ikiunguza, akuweke karibu na watu kama Salome, wakusamehe kwa sauti, mmalize, mwendelee na harusi. Amina.